Mtoto wa Mbwa Mwenye Kitovu

Tharcisse alikuwa amemwahidi mke wake mbwa mkali. Kuku walikuwa wanapungua katika parcelle yao, kiwanja chao cha mtaa wa Saio mjini Bunia, juma hili mmoja, juma lingine mwingine, na Angélique alikuwa amechoka kuamka asubuhi na kukuta manyoya matupu karibu na jiko.

"Unitafutie imbwa ya kweli," alimwambia. "Ile mutu akiiona tu, anavuka upande wa pili ya barabara."

Basi Jumamosi mchana Tharcisse alifunga mapema duka lake la misumari na makufuli, akaenda mtaa wa Ngezi kwa mama mmoja aitwaye Gracieuse, maana alisikia kwamba mbwa wake amezaa. Alikuta watoto wote wamekwisha kupata wenyewe, isipokuwa mmoja tu: jike, rangi ya udongo, masikio yameanguka kama majani ya sombe, yale ya muhogo, yaliyosahauliwa juani. Gracieuse hakumficha kitu. Alimgeuza mtoto chali, akamwonyesha kitovu chake. Palikuwa na uvimbe laini, kama ndimu changa.

"Alizaliwa vile," alisema. "Anakula, anacheza, halii. Lakini watu wakiona tu, wanamuacha. Uangalie muzuri, Papa, kesho usiseme Gracieuse alinidanganya."

Tharcisse akasema ngoja kwanza afikiri. Wakati anafikiri, yule mtoto akaja, akajizungusha, akalala juu ya kiatu chake. Tharcisse akangoja aamke ili aende zake. Hakuamka. Ndivyo Tharcisse alivyopata mbwa.

Alifika nyumbani amemkumbatia kifuani, tumbo la mtoto limebanwa kwenye shati lake. Angélique alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Huyu Angélique alizaliwa Butembo, anauza vikwembe, yaani vitenge, sokoni, na amelea watoto wanne mpaka wakaondoka nyumbani mmoja mmoja. Si mtu wa kufichwa kitu chenye kupumua.

"Mbona unamukamata vile?"

"Anasikia baridi."

"Baridi na jua hii? Leta hapa."

Alimchukua, akamtazama meno, akamtazama macho, kisha akamgeuza. Sauti yake ikasikika mpaka kwa majirani.

"Papa Lydie! Huyu mutoto iko na kitovu!"

"Siye wote tuko nayo," Tharcisse akajibu polepole.

"Usinichezee! Nilikutuma imbwa ya kutisha watu, weye unaniletea mugonjwa. Na akitufia hapa? Nitatandika mukeka nimulilie? Kesho anarudi kwao."

Usiku ule mtoto alilamba uji katika kiganja cha Angélique mwenyewe, kwa sababu, alivyoeleza, sahani ilikuwa kubwa mno kwake. Tharcisse alipouliza wamwite nani, mke wake alimkatalia. "Mutu wa kurudi haombi jina."

Kesho yake, walipotoka misa, Tharcisse alishikwa na maumivu ya kichwa, akajilaza kitandani na kugeukia ukuta. Angélique hakubembeleza mtu. Alichukua kitunga chake cha sokoni, akatandika ndani kikwembe cha zamani, maana miti ya kile kitunga ilikuwa inachoma, akamweka mtoto humo. Kisha akasimamisha motari, mwendesha pikipiki ya abiria.

Motari huyo, Dany, alikuwa baba wa makamo mwenye mdomo usiofungwa. Kabla hata hawajafika mbali alikuwa ameshachungulia.

"Mama, ile tumbo yake iko na nini? Huyo ni mugonjwa. Kwetu jirani alikuwa na imbwa ya vile, tulimuambia aitupe."

"Mugonjwa gani?" Angélique akamrukia. "Ni kitovu! Weye ulizaliwa bila kitovu? Mama yako alikuona, akasema tumutupe? Tazama barabara yako!"

Dany akatazama barabara yake. Nyuma, Angélique alikaa akishangaa maneno hayo yametoka wapi, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa njiani kumrudisha.

Aliposhuka Ngezi aliuliza njia kwa mwanamke aliyekuwa anakaanga mikate. Yule naye akachungulia kitungani, akacheka.

"Mama, unauzisha huyo? Nani atanunua?"

"Hauzishwi," Angélique akasema, akamfunika mtoto na pembe ya kikwembe, akaondoka hata bila kusikiliza njia yote. Ikabidi aulize tena mbele.

Gracieuse alikuwa nyuma ya nyumba, anaanika nguo. Mama mbwa alikuwa karibu naye, mwembamba, mdomo umeanza mvi. Huyo ndiye aliyeelewa kwanza: aliinuka, akanusa kitunga, akaingiza kichwa chote ndani na kuanza kumlamba mtoto wake.

Angélique akajieleza kwamba yeye ni mama wa pale Saio, mke wa yule papa wa jana. Gracieuse akamletea kiti.

"Umemurudisha," alisema, bila hasira. "Hapana kosa, Mama. Tena uko na bahati. Mutu mumoja aliniambia nimuwekee dume tangu juma jana, asubuhi hii ametuma neno kwamba haitaki tena. Ngoja nikuonyeshe."

Akaleta dume. Lo! Lilikuwa nene, jeusi, shingo fupi, miguu kama ya meza. Lilipowekwa chini likamfokea Angélique na kuuma pindo la kikwembe chake. Ndiye mbwa aliyemwota tangu kuku waanze kupotea.

Angélique akamtazama. Kisha akauliza, "Na huyu yangu?"

Neno "yangu" lilikuwa limeshatoka. Gracieuse alijifanya hakulisikia.

"Atabaki hapa. Mama yake iko, na miye niko." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono juu ya mgongo wa mama mbwa. "Huyu muzazi tulimuacha kwetu Fataki siku ya vita, Mama. Watu walipiga makelele, tukatoka mbio, milango wazi, mboga juu ya moto. Nani angekumbuka kuita imbwa? Tulilala njiani. Asubuhi ninageuka, namuona iko nyuma yetu, miguu inatoka damu. Sasa mutoto wake, hata akiwa na kitovu mukubwa kama nyumba, nitamutupa ginsi gani?"

Angélique alikuja Bunia ndani ya lori, na mizigo yake, na sufuria zake zote, mpaka chupa ya chumvi. Alinyoosha mkono akamkuna mama mbwa nyuma ya sikio, naye akakubali.

Wakati huo dume lilikuwa limepanda ukingo wa kitunga na kukivuta kikwembe. Yule mdogo mwenye kitovu hakupendezwa. Alitoa kichwa, akamtazama kaka yake kwa upole mkubwa, kisha akamng'ata pua. Dume likalia kama mlango usiotiwa mafuta, likakimbia, likajificha nyuma ya Gracieuse na kubaki huko.

Angélique akaanza kucheka. Gracieuse naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka Gracieuse akafuta macho na nguo mbichi iliyokuwa bado mikononi mwake.

"Bon," Angélique akasema alipopata pumzi. "Munganga wa nyama, yule wa kutunza imbwa, iko wapi hapa? Nataka amuangalie huyu mutoto yangu." Safari hii alilisema neno hilo kwa makusudi.

Gracieuse aliacha nguo, akamsindikiza.

Walimkuta Docta Claude nyumbani kwake, anakula chakula cha Jumapili pamoja na wageni. Alinawa mikono bila kununa, akamlaza mtoto juu ya benchi, akabonyeza uvimbe kwa kidole kimoja. Ukaingia ndani wote, kimya, ukapotea. Alipoondoa kidole, ukarudi.

"Ni ngiri ya kitovu," alisema. "Haimuumizi. Tundu ni ndogo, akikomaa inaweza kujifunga yenyewe. Ikikataa, tutaishona akiwa mukubwa kidogo. Si kazi nguvu."

"Nisimufunge na kitambaa?" Angélique akauliza. "Watoto yangu niliwafunga na kifungo ya koti, na wako na bitovu bizuri."

"Hapana, Mama, utamuchuna ngozi bure. Umuache. Lakini uibonyeze kila mara hivi nimefanya. Siku inakuwa ngumu, haiingii tena, ama anatapika na analia ukimugusa pale, usingoje kesho, uniletee mbio." Akapapasa tumbo lote. "Na hii tumbo kubwa si kitovu tu. Iko na minyoo mingi."

Akampa dawa ya minyoo mdomoni. Mtoto akaishika kidogo, akafikiri, akaitema yote juu ya kikwembe cha Gracieuse. Ya pili walimpa watu watatu: mmoja ameshika miguu, mmoja ameshika kichwa, na Docta Claude anapuliza puani mwake ili ameze. Alimeza, kisha akamlamba daktari kidevu.

Nyumbani Saio, kichwa cha Tharcisse kilikuwa kimepona mara baada ya motari kuondoka. Alizungukazunguka. Aliosha kikombe alichomnyweshea mtoto maji, akakipandisha kabatini, akakishusha tena. Alipomwona mke wake akishuka barabarani na kitunga, aliamini kwamba amebadilisha mbwa.

"Amekupa mungine?" akauliza.

"Alinionyesha mumoja. Dume. Jeusi, nene, shingo kama ya mupiga masumbwi."

"Ni vizuri," Tharcisse akasema, kwa sauti ya mtu aliye kilioni.

Angélique akaweka kitunga chini. Kikwembe kikatikisika, likatoka sikio moja lililoanguka, halafu la pili, halafu pua. Tharcisse akageukia ukuta, akakohoa sana.

"Nini?"

"Moshi."

"Moshi gani? Hapana mutu amewasha moto."

Jioni walimpigia simu Lydie, binti yao aliyeko Kisangani, wamwonyeshe mbwa. Kilichoonekana kwenye simu ni pua tu, kwa kuwa mtoto alikuwa anailamba. Tharcisse alitaka wamwite Radi. Lydie alitaka jina la mwimbaji mmoja. Angélique akawanyamazisha wote wawili, akasema mtoto alirudi nyumbani siku ya Jumapili, basi jina lake ni Dimanche, yaani Jumapili kwa Kifaransa, mambo yamekwisha.

Mvua zilipoanza, kitovu cha Dimanche kilikuwa kimepungua kikawa kama punje ya mahindi, na Docta Claude akasema labda hakitahitaji kushonwa. Siku hizi, wakitoka misa, Gracieuse hupita Saio, mama mbwa nyuma yake. Yeye na Angélique hutwanga sombe pamoja na kubishana kuhusu mafuta ya mawese, huyu anasema yatosha, yule anasema bado. Mama mbwa hujilaza mlangoni pa jiko akitaka usingizi. Dimanche humvuta mkia, humrukia mgongoni, humtia ulimi sikioni, mpaka sufuria inapinduka, na wote wawili wanafukuzwa nje na ufagio.