Koplo Mukendi Aitika

Jumanne moja ya Oktoba 1998, mjini Kamina, Ambroise alizima seva iliyokaa sebuleni kwake, ikipokea barua za parokia na za zahanati kwa nyaya mbili zilizovuka ua. Ilikuwa imechoka. Kabla barua moja haijafunguka, mtu alimaliza sahani ya bukari. Alitoa prosesa ya zamani, akaweka nyingine, kisha kadi mpya ya mtandao. Mpya ni namna ya kusema tu. Vyote viwili vilitoka katika mashine ya jeshi iliyotupwa nyuma ya hangari la Base, kambi ya jeshi ya hapo, na kadi ilikuwa na udongo, akausugua kwa mswaki. Hakumuuliza muuzaji alivipataje. Miezi ile aliyeuliza aliulizwa yeye.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, wakati askari wanaitwa majina, seva iliandika kwenye kioo: Koplo Mukendi, présent. Ambroise akachomoa nyaya zote mbili. Alhamisi, saa ileile, ikaandika tena. Aliwashuku watu wa parokia, kisha akamshuku mkewe, Élisa, ambaye hakuwahi kuigusa mashine hiyo hata kwa kitambaa. Mwisho akaiuliza yenyewe: uko wapi? Ikajibu: nyuma ya hangari, chini kama mita moja, pamoja na wenzangu kumi na mmoja tuliokataa kupanda ndege ya kwenda vitani.

Lucienne, mke wa Mukendi, alisali parokia moja na Ambroise. Alikuwa amepewa hadi Jumatatu atoke na watoto wanne katika nyumba ya kambi. Mjane wa askari hubaki, mke wa mtoro hufukuzwa, na Mukendi alikuwa ameandikwa mtoro. Ambroise alimchapia maneno ya seva kwenye karatasi. Lucienne aliisoma mara mbili, akasema ni yeye, maana hata nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Alilia, kisha Ijumaa akaipeleka kwa kamanda.

Kamanda alitazama mlango kwanza.

"Nani mwingine alisoma hii?"

"Ni minyi na papa Ambroise tu, mon commandant."

"Mufu haitikake, mama. Bwana yako iko anaitika. Njo kusema hakufa, alikimbia."

Hangari liko wapi hakuuliza. Karatasi aliitia mfukoni.

Lucienne alirudi moja kwa moja kwa Ambroise.

"Umuambie aache kuitika. Umuambie ni minyi njo nasema."

Ambroise aliandika. Baada ya muda kioo kikauliza: watoto wamekula?

"Andika wamekula," Lucienne akasema. Hawakuwa wamekula.

Jumamosi kioo kilibaki kitupu, Jumapili vilevile. Jumatatu Lucienne akamwambia kamanda kwamba mumewe haitiki tena. Kamanda alifungua daftari mbele yake, akaandika: absent.

"Unaona, mama? Sasa hata kuitika alikatala."

Saa sita mchana nyumba ilikuwa na watu wengine. Lucienne aliacha godoro na watoto uani kwa Ambroise, akaingia ndani.

"Umuite tena, papa."

Ambroise alimwita mpaka jua likazama. Seva ilifanya kazi vizuri, na kasi yake haikuwa na kasoro. Lakini Mukendi hakuwa mume wa kuambiwa jambo mara mbili.