Siku Niliyokubaliana na Mzee Mafuta

Mimi si mtu wa kukubaliana na watu ovyo ovyo. Wanaonijua wanalijua hilo. Ndiyo maana binti yangu alinipigia simu saa tatu asubuhi, niko kazini.

"Mama, uko salama kweli?"

"Nisiwe salama kwa nini?"

"Umeandika kule kwa wenzako wa cherehani kwamba unakubaliana na Mzee Mafuta. Tena umemwambia asante kwa ushauri wake mzuri."

"Wee! Mimi?"

"Halafu ukawaambia watu wabonyeze hapo chini wapate chai ya kupunguza tumbo."

Mchana kutwa mimi niko mapokezi kwenye kliniki ya meno, naandika majina na kuwatuliza watu wazima wanaoogopa sindano. Lakini moyo wangu uko kwenye tovuti moja ya wapenzi wa cherehani kuukuu, zile za chuma za kuzungusha kwa mkono. Kule naitwa Mama Bobini. Msimamizi wa tovuti hiyo wenzangu wanamwita Fundi Mkuu. Mimi namwita Mzee Mafuta tangu siku ile, miaka sita iliyopita, alipoandika kwamba ukikosa mafuta ya cherehani unaweza kutia tone la mafuta ya kupikia. Ya kupikia! Yakikauka mle ndani yanakuwa gundi, gurudumu halizunguki tena. Nikampa vidonge vyake hadharani, naye akanijibu, na mpaka leo hatujanyamaza. Sura yake siijui. Ubishi wake ndio naujua.

Nikafungua kompyuta ya kazini. Nenosiri langu likakataliwa. Nikabonyeza pale pa waliosahau, nikaambiwa nimetumiwa ujumbe kwenye barua pepe, na barua pepe iliyotajwa si yangu hata kidogo. Mtu kaingia nyumbani kwangu, kabadilisha kitasa, sasa anawauzia majirani chai.

"Mama, nenosiri lako lilikuwa nini?" binti akauliza.

"Namba ya cherehani ya bibi yako. Tarakimu nane na herufi mbili. Nani angeijua?"

Akacheka, mtoto asiye na adabu.

"Mama, si uliipiga picha?"

Loo! Niliipiga, ndiyo. Kule kwetu mgeni kitu cha kwanza ni kupiga picha kile kibati chenye namba, wakongwe waisome, wamwambie cherehani yake ni ya mwaka gani. Ya kwangu imekaa ukurasa wa mbele miaka kumi, kubwa, imepigwa kwenye mwanga mzuri, na watu wameisifu.

Ningecheka na mimi, kama si ile sheria. Tuna sheria kwamba akaunti yoyote ikisambaza utapeli inafutwa saa sita mchana siku hiyo hiyo, pamoja na kila ilichowahi kuandika. Niliipigia kura mwenyewe. Nikawaita wenzangu waliosita waoga.

Na kwenye akaunti ile alikuwamo mama yangu.

Miaka mitatu ya mwisho ya uhai wake macho yake yalikuwa yamechoka, lakini mdomo haukuchoka. Jumapili alikaa kitini akasema, mimi nikaandika: namna ya kunyoosha sindano iliyopinda, namna ya kujua kwa sikio kwamba uzi wa chini umebana. Vipande mia mbili na kumi na vinne. Kimoja kinasema, "Ikigoma usiilazimishe. Iache, nenda kanywe chai. Ukirudi mtakuwa mmesameheana." Sikuwa na nakala. Niliona viko pale, vitakwenda wapi? Sauti ya mama yangu yote ilikuwa imefungwa kwa namba niliyoibandika ukutani mwenyewe.

Nikalia palepale mapokezi. Mzee mmoja aliyeshika shavu akanisogelea, akaniuliza kwa huruma, "Pole mama. Ni la juu au la chini?"

Nikafuta machozi, nikafungua ukurasa wa malalamiko, ambao hauhitaji akaunti. Ilikuwa saa nne na nusu. Daktari akachungulia kuuliza faili la mgonjwa anayefuata, akaona uso wangu, akaenda kulitafuta mwenyewe. Nikaandika hivi:

"Wewe Mzee Mafuta, nimeibiwa akaunti. Aliyekuunga mkono asubuhi si mimi, na wala sitakuwa mimi hata nikiumwa homa. Mafuta ya kupikia ni ya kupikia! Ukithubutu kufuta maneno ya mama yangu, nitakutafuta mpaka nikupate, na nitakuja na chupa ya mafuta halisi nikuonyeshe yanavyofanya kazi."

Nikatuma. Ndipo akili ikanirudia. Jamani, mtu anaomba msaada namna hii? Binti nilipomsomea simuni alipiga kelele. Mwizi naye kumbe alikuwa ameshaandika pale pale, hadharani: "Mheshimiwa Fundi Mkuu, samahani sana kwa usumbufu. Mimi ndiye mwenye akaunti. Nakuomba kwa unyenyekevu usinifutie." Mstaarabu! Ningekuwa mimi ndiye msimamizi, ningemchagua yeye.

Saa tano. Saa tano na nusu. Niliandika jina la mgonjwa mmoja mara mbili na la mwingine sikuliandika kabisa. Dakika kumi kabla ya saa sita, jibu likaingia.

"Mama Bobini. Miaka sita nimesubiri uniambie niko sawa. Leo asubuhi uliponiambia, nilifurahi kama sekunde tatu hivi. Halafu nikajua umeibiwa. Akaunti yako niliifunga hata chai yangu haijapoa. Hakuna neno la mama yako lililoguswa. Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa nakagua kipande kimoja kimoja, vyote mia mbili na kumi na vinne. Cherehani ya marehemu mke wangu inazunguka kwa maelezo ya mama yako."

Nilisoma mara mbili. Mgonjwa mwingine akanipa pole ya jino, nikaipokea.

Jioni Mzee Mafuta aliwataka wanachama wote wakiri nani anatumia namba ya cherehani yake kama nenosiri. Wakajitokeza arobaini na mmoja, kila mmoja akiapa alidhani ni ujanja wake peke yake. Chini kabisa akaandika, "Na mimi." Sikuwa na mbavu.

Mzee Mafuta akanirudishia akaunti niweke nenosiri jipya, na binti akaja nyumbani kunisimamia. Kwanza akanakili maneno ya bibi yake yote, kwenye kompyuta yake na kwenye karatasi. Halafu akasema nenosiri liwe sentensi ndefu, nisiitumie mahali pengine popote, na kila nikiingia simu iniletee namba ya kuthibitisha. Nikachagua maneno aliyosema mama kila uzi ulipokatika. Hayo sikuwahi kuyaandika kule, maana si ya kuandikwa mbele za watu.

Nikaingia. Mama alikuwa pale, kuanzia kipande cha kwanza. Nikajiona nina deni la adabu. Nikapiga moyo konde, nikaandika mbele ya wote:

"Fundi Mkuu, asante sana. Umenirudishia mama yangu. Nakuheshimu na nakushukuru kwa moyo wangu wote."

Nikatuma, nikajisikia mwepesi. Nikataka kusoma kipande cha pili. Ukurasa ukagoma. Maandishi mekundu yakatokea: Akaunti hii imefungwa kwa muda. Imeonyesha dalili za kuibiwa.

Ala! Binti alikuwa ameanguka kwenye kochi, anapiga mto ngumi kwa kicheko. Nikarudi kwenye ukurasa wa malalamiko, vidole vinawasha.

"Mzee Mafuta, wewe una kichwa kigumu kuliko chuma cha cherehani! Fungua sasa hivi! Na yale mafuta yako kakaangie samaki!"

Haikupita nusu dakika.

"Sasa ni wewe," akaandika. Akaunti ikafunguka.