Kabari Zilizofukiwa Jikoni

Warda alikuwa akichimba shimo la nguzo pale lilipokuwa jiko la zamani la mama yake, jembe likagonga chuma. Akachimba pembeni, akavuta gunia lililooza, na ndani yake zikatoka kabari tatu za kupasulia magogo, nzito, zimeliwa na kutu mpaka zimefanana na udongo wenyewe.

Alifurahi sana. Dua ya marehemu baba yake, Mzee Shaaban, ilikuwa imekaribia, na kijiji kizima cha Likawage kingekuja kula. Kuni alizozitegemea zilikuwa bado ndani ya gogo la mkwaju ulioangushwa na upepo wa masika. Gogo lile lilikuwa mafundo matupu. Shoka ama linadunda, ama linanasa humo humo na kumtoa jasho kulichomoa.

Jambo moja tu lilimshangaza. Baba yake alikuwa mkulima wa ufuta, na kuni zake zilikuwa za kukata kwa panga tu. Warda hakuwahi kumwona na kabari. Tena ni nani anayefukia vyombo vya kazi chini ya jiko? Angemuuliza mama yake, Bi Mwahija, lakini mama alikuwa Nangurukuru kutazama mjukuu mchanga.

Akazilowesha kwenye mafuta ya taa, kisha akazisugua kwa brashi ya waya. Kutu ilipotoka, aliona ubavuni mwa kila kabari pamechongwa alama ndogo, mstari umekatiza mstari. Vichwa vyenyewe vilikuwa vimetandazika kwa kupigwa nyundo, kingo zimejikunja kama kofia ya uyoga. Akazipeleka kwa Yassini, fundi wa kuchomelea.

"Usizipige zikiwa hivi," Yassini alisema. "Kipande kitaruka kikutoe jicho. Ngoja nizikate hizi kingo."

"Na hii alama?"

"Ya kiwandani hiyo, dada."

Akawasha mashine, cheche zikaruka. Alikata kingo, akanoa ncha, huku akichovya chuma majini kisipate moto sana. Mwisho akapitisha mashine ubavuni kote kuondoa vishimo vya kutu. Kabari zikang'aa kama zimetoka dukani jana.

Bi Mwahija alirudi siku iliyofuata. Warda alimwamkia, akampokea mfuko, kisha kwa furaha akamwonyesha kabari. Mama aliichukua moja, akaigeuza, akaipapasa ubavuni kwa kidole gumba. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu.

"Msalaba uko wapi?"

"Msalaba gani, mama?"

"Ulikuwa hapa. Aliuchonga mwenyewe kwa tupa."

"Nani?"

"Kornelio."

Hapakuwa na Kornelio yeyote katika ukoo wao. Mama aliketi chini, pale pale vumbini, na kanga zake mpya za safari, akaanza kulia. Warda alidhani ni uchovu wa njiani. Akaleta maji, mama hakunywa. Aliswali alasiri, akabaki juu ya mkeka muda mrefu, na chakula hakukigusa.

Asubuhi Warda alimfuata uani. "Mama, kama nimekosa nisamehe. Lakini sielewi nimekosa nini."

"Hujakosa." Bi Mwahija alikuwa akichambua mchele bila kuutazama. "Kabla ya baba yako niliolewa kwetu Rondo. Tulikuwa tunapasua magogo wawili, mimi nashika kabari, Kornelio anapiga nyundo. Wakati huo nikiitwa Stefania."

Warda alimtazama mama yake kama mtu anayejaribu kukumbuka wapi alimwona.

"Alikwenda Msumbiji kutafuta kazi ya mbao. Aliniambia nimtunzie kabari zake, atazikuta. Sikusikia habari yake tena. Nilingoja mpaka ndugu zake wenyewe wakaniambia, basi, olewa. Baba yako akanijia kwa heshima. Nikasilimu kwa hiari yangu, usije ukafikiri nililazimishwa."

Mama akainua uso.

"Na usinitazame hivyo. Wewe ni wa Shaaban."

"Baba alijua?"

"Ndiye aliyechimba shimo. Mimi nilitaka kuzitupa. Akasema, amana ya mtu haitupwi, hata kama mwenyewe hajulikani aliko. Akazifunga kwenye gunia, akafukia. Kisha akanijengea jiko juu yake."

Warda alitaka kumwonea huruma mtu, lakini hakujua aanzie kwa nani. Kwa mama yake, aliyepikia juu ya shimo lile miaka yote? Kwa baba? Kwa huyo Kornelio, ambaye huenda ni mzima mahali fulani, na alama yake imesagwa kwa mashine?

"Basi tuzirudishe chini," alisema mwishowe. "Nitahangaika na shoka. Si vizuri kuni za dua ya baba..."

"Shoka halitaliweza gogo lile."

Bi Mwahija alisimama, akajifunga kanga kiunoni. Akaliendea gogo, akalipapasa hadi akapata ufa, akasimika kabari.

"Chukua nyundo."

"Nitakuponda mkono, mama."

"Piga!"

Warda alipiga kidogo, kwa woga. Kabari ikasimama yenyewe, mama akatoa mkono. Akapiga tena kwa nguvu, mkwaju ukalia ndani, ukafunguka. Mama akacheka, au akalia; Warda hakuweza kupambanua.

Siku ya dua kuni ziliwaka vizuri. Jirani yao Saida, aliyekuwa akikoroga pilau, aliziona kabari ukutani, akauliza zimetoka wapi.

"Za mume wangu," alijibu Bi Mwahija.

"Mwenyezi Mungu amrehemu," Saida alisema.

Warda alikuwa amebeba sinia. Hakujua anayeombewa ni yupi. Mama yake alishaitikia, naye akaitikia amina.