Gitaa la Winrose Akikua

Osundwa alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe Kageha alikuwa amechoka kuuguza: hakuwahi kumnunulia mtoto kitu kinachomtosha. Sweta ya shule ilikuwa na mikono ya kufika magotini. Viatu vilitiwa karatasi mbele visichomoke njiani. "Mtoto hukuanga," ndiyo hoja yake, kwamba mtoto haachi kukua, na ikishatoka hiyo hakuna mazungumzo tena. Winrose, binti yao wa miaka tisa, alikuwa amezoea. Kila kitu chake kilikuwa cha Winrose mwingine, mkubwa, ambaye bado hajafika.

Kageha alivumilia sweta. Alivumilia na viatu. Lakini Jumamosi hiyo, ndani ya duka la Tariq mjini Kakamega, uvumilivu ulimwishia.

Walikuwa wamekuja kununua gitaa. Mwalimu Sifuna, anayefundisha muziki kanisani kwao Lurambi, angeanza darasa la watoto Jumatatu, na wazazi alikuwa amewaambia bila kuzunguka: msitazame rangi wala kung'aa. Mtoto akae, alipakate, mkono uzunguke bila bega kupanda, vidole vizibonyeze nyuzi bila kuumia. Atakayeshindwa kubonyeza atawekwa kando mpaka darasa la mwaka ujao. Winrose hakuwa na habari nyingine tangu shule zifungwe ila darasa hilo.

Tariq akatoa gitaa dogo la nyuzi za nailoni. Winrose akakaa kwenye kibao, akalipakata, na vidole vikaenda mahali pake vyenyewe. Akapiga uzi mmoja. Akaupiga tena, akacheka peke yake.

"Hili atalipita kabla ya Krismasi," Osundwa akasema. "Nipe lile." Alikuwa anaonyesha gitaa jeusi ukutani, kubwa, la nyuzi za chuma.

"Mzee, hilo ni la mtu mzima," Tariq akasema taratibu. "Nyuzi zimeinuka na ni kali. Zitamkata vidole."

"Vidole vitakomaa. Mtoto hukuanga."

"Baba Winrose, darasa ni Jumatatu," Kageha akasema. "Atakuwa amekua kufikia Jumatatu?"

"Mama Winrose, usiniaibishe mbele ya watu."

"Nani anamwaibisha nani? Mwalimu alisema hivi, wewe unafanya vile."

Sauti zilikuwa zimeanza kupanda. Winrose akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akaliweka chini lile gitaa dogo.

"Nataka hilo kubwa, mama," akasema. "Ni zuri."

Kageha alimjua mwanawe. Hiyo ndiyo sauti aliyosema nayo kwamba viatu havimsumbui. Lakini Osundwa alishatoa simu alipe, uso umemkunjuka kwa furaha. Tariq akamwambia kwamba wakilitaka lile dogo, hubadilisha siku hiyohiyo tu, kabla hajafunga duka. Osundwa akajibu kwamba hawatarudi.

Nyumbani akavuta kiti. "Haya, tupigie."

Gitaa lilimfunika Winrose hadi kidevuni. Bega likapanda mpaka sikioni. Alibonyeza uzi kwa nguvu zake zote, ukatoa mlio mkavu wa mti. Akabonyeza tena, na tena, mpaka ncha ya kidole ikawa na mstari mwekundu. Hakulia. Kageha angeona afadhali alie.

"Sawa, baba," Winrose akasema, akaliegemeza ukutani kwa uangalifu. "Nitaanza nikikua." Akatoka kwenda kuanua nguo.

Kageha alienda mlangoni, akaokota kiatu cha mtoto, akachomoa karatasi iliyosokotwa mbele na kuiweka kwenye goti la mumewe.

"Viatu tulitia karatasi," akasema. "Hapa tutie nini?"

Osundwa aliigeuzageuza karatasi mkononi, akalitazama gitaa, akautazama mlango ambao mtoto alitokea. Kisha akaita.

"Winrose. Leta mkono nipime."

Mtoto akaja mbio, akanyoosha mkono mbele ya baba yake. Kwa mazoea, akauvuta mkono wa sweta mpaka ukafunika vidole, apimwe na ile nafasi ya kukua.

Osundwa akaukunja mkono wa sweta, mara moja, mara nyingine, mara nyingine tena, mpaka vidole vikatokea, na kile chenye mstari mwekundu kikiwemo. Akakishika kwa muda.

"Tariq anafunga saa ngapi?" akauliza.