Panya wa Zizi Moja

Milembe, msomi wa kwanza katika ukoo wake kutegemea panya ili aheshimiwe, alirudi Lalago likizo akiwa na kompyuta na shida moja. Jumamosi baba yake, mzee Maduhu, angempeleka mdogo wake Salu kwa mganga wa Ipililo. Salu alikuwa na miaka saba. Hakuitika jina lake, na alipanga mbegu za pamba kwa mstari ulionyooka kuliko barabara yoyote ya wilaya. Shangazi alishaamua kwamba ni laana ya upande wa mama. Milembe alitaka aende Bariadi, kwenye shule yenye darasa la watoto wenye usonji. Baba alisema atasikiliza, ila kwanza aonyeshwe kitu.

Akaonyeshwa panya wa maabara, kwenye kompyuta. Nusu yao, Milembe alieleza, walizaliwa na hitilafu inayohusishwa na usonji. Seli za ubongo wao zilirekodiwa zikiwaka na kuzimika, na kompyuta ikajifunza kuwatofautisha na wenzao. Ilipatia tisini na nane kwa mia. Hapo akainua macho, kama askofu anayesubiri amina.

Mzee Maduhu, mnunuzi wa ng'ombe minadani kwa miaka thelathini, hakutoa amina.

"Hao wenye usonji walilala zizi moja?"

Milembe akafungua maelezo. Kizimba kimoja, na siku moja ya kurekodiwa. Wenzao kizimba kingine, siku nyingine.

"Basi mashine yako inajua zizi, mayo, binti yangu. Panya haiwajui. Hata mimi nilisifu ng'ombe wa Masele mwaka mzima, kumbe nilikuwa nasifu chapa yake."

Siku mbili Milembe alihangaika na rekodi nyingine, za panya waliochanganywa vizimbani. Alileta matokeo kama mtu anayeleta ripoti ya shule ya bweni yenye sifuri ya hesabu.

"Sabini na tatu, baba."

"Hiyo naiamini." Kisha akauliza alichokuwa akikizunguka wiki nzima. "Na mama zao hao panya, nani aliwalaani?"

"Hakuna, baba. Walizaliwa hivyo."

Kando yao, mama aliacha kupepeta mahindi. Baba akamgeukia.

Jumamosi bodaboda ilielekea Bariadi. Shangazi alipohoji, baba alijibu kwamba anakwenda kukagua zizi.

Alikagua shule kweli: madirisha, choo, hata jiko. Salu alipanga mbegu zake mezani. Mwalimu hakumwita, aliweka mbegu moja mwishoni mwa mstari. Salu akaisogeza kidogo, ikanyooka, kisha akamsukumia mwalimu nyingine.