Samaki Watano na Vali Moja

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, na nalisema mapema kabla mama mkwe wangu hajaniwahi.

Mama mkwe huyo, Bi Opal, alinichukua kwenye boti yake kwa sababu moja: magoti yake yalikuwa yamechoka kurukia gati, na mimi magoti ninayo. Akili, alisema, ataleta mwenyewe. Alikuwa akivua na klabu yetu pale Alabama tangu mke wangu yuko tumboni mwake, na hawajawahi kumpeleka kwenye fainali za jimbo. Klabu hupeleka boti moja tu. Mwaka huo aliyetuzidi pointi za msimu alikuwa Clete, na yalibaki mashindano ya mwisho. Tukishinda hayo, tunakwenda sisi.

Sheria yetu ni fupi: samaki watano, wazito kwa jumla ndio washindi, na wafike mezani wakiwa hai, maana baada ya mizani wanarudi ziwani. Mfu hahesabiwi. Kwa hiyo kila boti ina tangi sakafuni, na pampu inayolivutia maji ya ziwa, na vali ya kuyafungia humo ndani. Mwezi wa saba, maji yenyewe vuguvugu kama supu ya jana, hilo tangi unalilea kama mtoto mwenye homa.

Kufika adhuhuri tulikuwa na watano, wote wale wa mdomo mpana, na mmoja wao jike zito hasa. Mtu mwenye busara angetulia. Mimi nikamwona Clete amejibanza kwenye kivuli cha daraja.

“Umepata nini, Clete?”

“Jua.”

Nikafungua kifuniko nimwonyeshe. Nikafunga, nikafungua tena, kwa kuwa nilidhani hajamwona vizuri yule jike.

“Doyle, funga hapo,” Bi Opal akasema. “Hao ni samaki, si picha za harusi. Na ufunge vali ya tangi kabla hatujaondoka.”

“Sawa, Mama.”

Ile sawa ilitoka mdomoni, mkononi haikufika. Nilikuwa nawaza jinsi ya kumrushia Clete wimbi moja la kumbukumbu, nikakanyaga mafuta. Sasa, boti ikinyanyua pua na vali iko wazi, pampu haishiki tena maji, na tangi linajimwaga lenyewe. Kila mtu pale anajua hilo. Hata mimi nilikuwa najua.

Tulipotulia upande wa pili, Bi Opal akafungua tangi. Samaki walikuwa wamelaliana sakafuni, wakipapatika.

“Umewapeleka wapi hawa, Doyle? Jangwani?”

Hakungoja jibu. Alikwisha shika ndoo, anachota na kumimina. Nikaona nami nisaidie, nikachukua mfuko wangu wa barafu ya dukani. Akanipiga kofi mkononi.

“Hiyo imetokana na maji ya bomba, ina dawa. Unataka kuwamalizia?”

Yeye alikuwa na chupa za soda alizojaza maji na kuzigandisha nyumbani, zimefungwa vizuri. Akatia moja, pampu ikaanza kunguruma, na wanne wakasimama sawa. Jike akabaki kalala ubavu.

Bi Opal akapiga magoti, yale yale mabovu, akaingiza mkono tangini, akamshikilia wima, mdomo ukielekea maji yanapoingilia. Hakumwachia hadi tunafika. Mimi niliendesha polepole kama nasindikiza jeneza.

Gatini Clete alikwisha fika, mikono kaikunja. Verna, mwenye mizani, akapokea mfuko wetu wa maji wenye samaki. Wanne wakamrushia matone usoni. Wa tano kimya.

“Huyo mfu,” Clete akasema. “Mtoe.”

“Subiri,” Verna akamjibu, akamlaza kwenye beseni. Tukainama wote. Shavu la samaki likafunguka kidogo, likafungika. Likafunguka tena.

“Hai,” Verna akasema, akampandisha mizani. Hakuna boti iliyotukaribia kwa uzito.

Clete hakukubali. “Bi Opal, kwa heshima zote, niliona maji yakibubujika ubavuni mwa boti yako! Huyu mkweo aliwakausha. Samaki wa namna hiyo ni maiti inayopumua tu. Huko jimboni mtatuaibisha!”

Watu wakanigeukia mimi. Nikainama kukaza kamba ya boti iliyokuwa imekazwa tayari.

Bi Opal alikuwa akijifuta mkono, umekunjamana kwa maji hadi kiwiko.

“Clete,” akasema, “huyu alikaa bila maji na hakufa. Wewe umekaa juu ya maji kutwa nzima, na hukupata hata wa kukufia.”