Pikapu ya Bluu Uani kwa Bi Shufaa

Mama Veneranda, jirani wa ukuta mmoja, anaapa kwamba alimwona. Alitoka alfajiri kukamua ng'ombe wake, ukungu wa Iyunga umeshuka mpaka chini, akatupa jicho uani kwa Bi Shufaa. Matano alikuwa amesimama kando ya pikapu yake ya bluu, anafuta kioo cha mbele kwa mkono wa koti, kama alivyozoea kabla ya kwenda Ubaruku kuchukua mchele. Akamsalimu. Kimya.

"Ndipo nikajua," alisema Mama Veneranda, "maana Matano hajawahi kunipita bila kuniuliza kama ng'ombe wangu anatoa maziwa au maji."

Matano alikuwa amefia Iringa na kuzikwa huko huko tangu kabla ya mvua.

Kudra, mjane wake aliyebaki hapo kwa mkwewe, hakucheka aliposimuliwa. Tangu atoke eda alikuwa ameishika ile biashara ya mchele, ila kila akikaa nyuma ya usukani alihisi kiti kina joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Anashuka, anakwenda kukodi gari la watu. Na usingizi ulikuwa umemkimbia siku nyingi.

"Sasa nifanyeje, mama?" alimuuliza Mama Veneranda.

"Mwe! Kwetu, kitu alichokizoea marehemu kinabadilishwa sura. Akija anakuta kigeni, anaenda zake kupumzika. Lipige rangi gari hilo."

Basi Kudra akamwita Asukile, fundi rangi wa pale barabarani, akaja na kompresa yake kwenye toroli. Wakamwaga maji uani vumbi litulie, wakafunika vioo kwa magazeti, wakapiga msasa kutwa nzima mpaka mikono yao ikawa ya bluu. Bi Shufaa, mama yake Matano, alikaa kibarazani na tasbihi yake, anatazama tu. Kudra alipomuuliza kama nyeupe itampendeza, alijibu, "Gari lina mwenyewe."

Asukile akapuliza nyeupe jua likiwa kali. Pikapu ikang'aa.

"Shemeji, hili sasa trafiki watalipigia saluti. Watadhani amepanda mkurugenzi, kumbe magunia!"

Asubuhi yake, kando ya kitasa cha mlango wa dereva, nyeupe ilikuwa imetoka. Palikuwa na bluu, upana wa kiganja.

"Baridi ya Mbeya hii," alisema Asukile akikuna kichwa. "Rangi haikukauka vizuri." Akapiga tena. Kulipokucha, bluu ile ile, pale pale. Akabadilisha tina ya kuyeyushia rangi, akapiga tena, ikatoka tena. Safari hii akakunja mipira ya kompresa yake bila utani wowote.

"Shemeji, mimi nina familia," akasema, akaondoka hata kopo la rangi akaliacha.

Kudra hakumlaumu. Alfajiri iliyofuata alipaka lile doa kwa brashi, mwenyewe, kisha akajibanza nyuma ya tangi la maji, brashi ingali mkononi. Alitaka amwone uso kwa uso, amwambie imetosha.

Ukungu ukasogea. Kikatokea kivuli kifupi, kimejifunika, kikainama mlangoni kwa dereva. Ikasikika sauti ya kusugua, polepole, kama mtu anamwogesha mtoto mchanga. Harufu ya tina ikamfikia.

"Mama?"

Bi Shufaa hakushtuka. Kitambaa mkononi mwake kilikuwa kimelowa weupe.

"Ni wewe siku zote hizi?"

"Mlangoni ni mimi." Akainua kidole. "Kule juu sifiki."

Kudra akatazama. Ukingoni mwa paa, pale Matano alipokuwa akipigapiga kabla hajaingia garini, nyeupe ilikuwa imefutika: vidole vinne vya bluu, virefu. Jana jioni paa lilikuwa safi.

"Mama, siwezi kuishi hivi. Nataka apumzike. Na mimi nilale."

"Najua, mwanangu." Bi Shufaa alikuwa bado anasugua. "Ila wewe ulikuwa naye Iringa. Ulimshika mkono, ukamfumba macho. Mimi basi lilikwama Makambako, lori limelala katikati ya barabara. Waliningoja, siwalaumu, jua likawazidi. Nilipofika niliwakuta wanarudi na majembe. Nikaonyeshwa udongo, nikaambiwa mwanao huyu hapa."

Kudra alikuwa amelia naye matanga yote, na neno hili hakuwahi kulisikia.

"Wewe umemwona," alisema Bi Shufaa. "Mama Veneranda, mtu baki, amemwona. Mimi sijamwona. Akikuta limekuwa jeupe lote atapita, atasema si kwetu hapa."

Akageuka, akaitazama ile brashi.

"Niachie hapa tu, Kudra. Padogo hapa. Nikishamwona utapaka, nitakushikia kopo. Utaniachia?"

Rangi ilikuwa inadondoka kwenye brashi, tone kwa tone, juu ya kandambili za Kudra.